Taa Iliyowashwa kwa Mafuta ya Taa

Ndugu msomaji, huenda nawe yamekwisha kukufika. Umeingia kituo cha mafuta na gari lako likiwa zima, umelipa fedha yako ya halali, umeambiwa ahsante, ukaondoka. Hujafika mbali gari linaanza kukohoa. Unakanyaga mafuta, halipokei. Unatazama mbele yako penye saa ya mwendo, unaona taa ya manjano yenye picha ya injini imewaka. Na mara nyingine haitulii, inapepesa kama jicho la mtu mwenye hofu. Unasema, "Gari limeharibika." Mimi nakuomba ungoje kidogo kabla ya kulilaumu gari, kwani pengine gari ndilo pekee lililosema kweli siku hiyo.

Nitakueleza kisa nilichokishuhudia mwenyewe, kisha nitasema ninalotaka kusema, na najua wako watakaochukia.

Mwanzoni mwa mwaka 2010 palikuwa na kijana mtaani kwetu Tanga aliyekuwa akiendesha teksi ya mtu kwa mkataba. Kila jioni humpelekea tajiri hesabu yake, na baada ya muda waliopatana gari lingekuwa lake. Alikuwa amebakiza miezi minne. Siku hiyo alitupakia watu wanne twende Korogwe kwenye hitima. Njiani akaingia kituo kimoja, nisichokitaja, akajaza lita 20 za petroli. Fedha nyingine tulimchangia sisi abiria. Tulipopita Muheza gari likaanza kutetemeka, taa ikawaka, kisha ikaanza kupepesa. Kijana akasema tusiwe na wasiwasi, taa hizi zina maneno mengi. Na sisi, Mungu atusamehe, tukamhimiza aende kwa sababu tulikuwa tumechelewa. Hatukufika Segera. Tulishuka, tukarudishwa Tanga jioni nyuma ya lori, kwa kamba, na hitima ikasomwa bila sisi.

Fundi aliyelipokea gari alikuwa mtu mzima asiye na maneno mengi. Alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akasoma namba P0300, akasema silinda zinakosa kuwaka, tena si moja. Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau. Alitoa petroli kidogo ndani ya tangi letu, akatoa na nyingine katika dumu lake mwenyewe, akachukua karatasi nyeupe na kudondosha tone la kila moja. Tukakaa tukitazama. Tone la dumu likakauka, karatasi ikarudi nyeupe kama haikuguswa. Tone letu likabaki na doa la mafuta, kama karatasi iliyofungiwa bajia. Fundi akalinusisha kwa kila mmoja wetu. Hakuna aliyezaliwa katika nyumba ya kibatari asiyeijua harufu ile. Yalikuwa mafuta ya taa.

Sasa tuulize, mafuta ya taa yanaiwashaje taa ya gari? Maana wengi wetu huiona taa ile kama jini lililoingia garini, na hapana jini hapo. Petroli ni kitu chepesi, chenye kuruka hewani upesi, na injini yake imetengenezwa kwa wepesi huo. Huchanganya mvuke wa petroli na hewa, huubana mchanganyiko huo, kisha plagi hutoa cheche nao ukawaka kwa wakati wake. Mafuta ya taa ni mazito zaidi. Hayageuki mvuke kwa upesi ule, na hayastahimili kubanwa kama petroli. Yakipata joto na kubanwa huwaka yenyewe bila kungoja cheche. Hapo ndipo unaposikia injini inagonga, kama mtu anayepiga misumari ndani ya debe. Yale yasiyowaka huteremka ubavuni mwa silinda, huosha oili iliyowekwa ili chuma kisisage chuma, na huingia chini katika bakuli la oili na kuifanya nyepesi kama chai. Mwenye gari anaendelea kwenda, na kila mzunguko injini inajila yenyewe.

Magari yaliyotengenezwa katika miaka hii ya karibuni yana kompyuta ndogo yenye kuyatazama haya yote. Inahesabu mzunguko wa krenki, na silinda moja ikikosa kuwaka mzunguko husita kidogo mno, wewe usihisi lakini yenyewe ihisi. Ina kipimo katika ekzosi kinachonusa oksijeni iliyobaki ndani ya moshi, na kingine kinachosikiliza ule mgongano. Ikiona mambo hayaendi sawa huandika namba yake na kuwasha taa. Taa ya manjano ikitulia, inakwambia uende kwa fundi. Ikipepesa, inakwambia upunguze mwendo mara moja na usimame panapofaa, kwani petroli isiyowaka inatoka mbichi na kwenda kuungulia katika ekzosi, ndani ya kile chombo mafundi wanachokiita masega, mpaka kiyeyuke. Na ikiwaka ile nyekundu yenye picha ya kopo la oili, zima injini hapo hapo ulipo. Gari la dizeli lina taa yake tena, ya kukujulisha kwamba maji yamejaa katika chujio. Pampu na nozeli za dizeli hazina mlainishaji mwingine ila dizeli yenyewe. Ukiiingizia maji au mafuta ya taa umewaondolea mafuta yao, na bei ya pampu hiyo mwenye lori anaijua.

Lakini insafu kwanza. Tumeamrishwa tuhakikishe habari kabla ya kuwatia watu aibu, na si kila taa inayowaka baada ya kujaza mafuta ni dhambi ya mwenye kituo. Mfuniko wa tangi ukiachwa bila kukazwa, katika magari mengi mvuke huvuja na kompyuta ikawasha taa ile ile. Pengine plagi zilikuwa zimechoka siku nyingi. Na hata mafuta yakiwa machafu kweli, huenda mwenye kituo naye ameghushiwa: dereva wa lori la mafuta kateremsha madumu yake njiani, akajazia kwa kitu kingine ili kipimo kitimie. Kwa hiyo kaza mfuniko, nenda kwa fundi, weka risiti, chukua kidogo katika chupa safi, ndipo useme. Karatasi ya fundi wetu si ushahidi wa mahakamani, ilitosha tu kutujulisha tuanze kuuliza wapi.

Tuliuliza. Tulikwenda kwenye kituo kile, mimi na yule kijana, na chupa yetu. Tajiri wa kituo hakukana sana. Alicheka. Akasema maneno ambayo kila Mwislamu wa pwani ameyasikia: dini ina mahali pake na biashara ina mahali pake, na biashara ni ujanja. Akatuonya tusimharibie jina. Kisha, kwa kuwa adhana ilikuwa karibu, akatukaribisha tukasali naye.

Ndugu msomaji, maneno hayo si mapya. Soma Sura Hud uone kisa cha Nabii Shuaib (a.s.) na watu wake wa Madyan. Aliwaita kwenye ibada ya Mwenyezi Mungu, na pamoja nayo, bila kuweka ukuta katikati, akawaamrisha watimize vipimo na mizani na wasiwapunguzie watu vitu vyao. Na wao wakamjibu kwa kejeli, wakimuuliza iwapo sala yake ndiyo inayomwamrisha kuwazuia wasifanye wapendavyo katika mali zao. Tazama vizuri! Hawakumkataza kusali. Walichokikataa ni sala inayotoka msikitini na kuwafuata sokoni. Tajiri wetu, pamoja na tasbihi yake, alikuwa akisema neno la Madyan, na mwisho wa Madyan anaujua, kwani amewahi kukisoma kisa hicho kila Ramadhani.

Na Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Huraira, alipita sokoni akaikuta chungu ya nafaka. Akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta majimaji. Mwenye mali akajitetea kwamba mvua ndiyo iliyoinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu watu wapate kuiona, akatamka kwamba mwenye kughushi si mwenzake. Zingatia mambo mawili. Mvua haikuwa kosa la yule bwana, kosa lake lilikuwa kuficha. Na Mtume hakutazama juu akaridhika. Alitia mkono ndani. Yule fundi wa Tanga na karatasi yake, ajue asijue, alikuwa akifuata mwendo huo.

Wenzetu wa zamani hawakuliacha jambo hili kwa nasaha peke yake. Waliweka mtu, muhtasibu, kazi yake kuzunguka sokoni na kuonja, kunusa na kupima. Katika karne ya 12 al-Shayzari alimwandikia muhtasibu kitabu kizima cha kumfundisha hila za kila biashara. Ameeleza hata jinsi ya kumgundua mwenye kutia maji katika maziwa: chovya unywele, uutoe, uone kama maziwa yameung'ang'ania. Unywele mmoja! Na sisi tuna mashine zinazosoma namba, tuna maabara, tuna redio na magazeti, lakini mtu anauza mchanganyiko mchana kweupe na jirani zake wanajua, tena wanampisha safu ya mbele.

Lakini mpaka hapa nimesema habari ya gari tu, na habari ya gari ni nusu ya dhuluma. Nusu ya pili ni nzito zaidi na sijaona mtu akiihesabu.

Kwa nini tajiri yule alitia mafuta ya taa wala si kitu kingine? Kwa sababu yalikuwa rahisi. Na kwa nini yalikuwa rahisi? Kwa sababu serikali iliyatoza ushuru mdogo, na iliyatoza ushuru mdogo kwa kuwa ni mafuta ya maskini. Ni ya kibatari na chemli, ya jiko la mama anayekaanga mihogo barazani, ya mtoto anayesoma usiku katika nyumba isiyo na umeme. Ile nafuu ilikuwa kama sadaka ya umma kwa wasio na kitu. Wenye vituo na wenye malori wakaitazama sadaka hiyo wakaona faida. Wakaichota kutoka mdomoni mwa kibatari wakaimimina katika tangi la gari na kuiuza kwa bei ya petroli na dizeli.

Mwaka huo huo wa 2010 Tanzania ilianza kutia vinasaba katika mafuta ya kuuzwa ndani ya nchi, yaani dawa kidogo isiyoonekana kwa macho, ili mkaguzi akipima na kuikuta imepungua ajue kwamba yamechanganywa na yasiyolipiwa ushuru. Haikutosha. Katika bajeti ya mwaka 2011/12 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa kutoka shilingi 52 kwa lita hadi shilingi 400.30, zaidi ya mara saba, na sababu iliyotajwa ilikuwa hiyo hiyo: kuondoa tamaa ya kuchanganya. Kenya nayo, Septemba 2018, ikaongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu ile ile, na tozo hiyo hata katika jina lake ilitajwa kuwa ya kuzuia uchakachuaji.

Basi nani alilipa? Mwenye kituo hakulipa. Alilipa bibi kizee wa mtaani kwetu ambaye hajapanda gari ila siku ya maziko na siku ya hospitali. Alikuwa akimtuma mjukuu dukani na kichupa. Baada ya bajeti ile fedha ile ile ikaleta mafuta yasiyofika hata mabega ya kichupa. Akapunguza utambi. Akaanza kulala mapema. Hakujua petroli inafananaje, wala hakupata kuiona ile taa ya manjano, lakini adhabu ya wizi wa kituoni ilipitishwa mlangoni kwake. Mwizi aliiba kwa mwenye gari mara moja, na kwa mwenye kibatari akaiba mara kwa mara, kila jua lilipotua.

Wako watakaosema mwandishi ailaumu serikali: si ndiyo iliyopandisha? Ailaumu nani atakaye. Naweza hata kukubali kwamba ilikuwapo njia nyingine, ya kumkamata mwenye tangi kubwa badala ya kumbana mwenye kichupa. Lakini yule aliyechanganya ndiye aliyewapa hoja, na leo anakaa kibarazani akilalamika juu ya bei kama kwamba imeshuka kutoka mbinguni.

Wengine husema kodi ni dhuluma, kwa hiyo kuikwepa si dhambi. Mimi sina haja ya kujadiliana nao juu ya kodi. Nawauliza moja tu: ulipoikwepa, uliirudisha kwa mnunuzi? Ulimwambia, ndugu yangu, hii ina mafuta ya taa ndani yake, chukua kwa bei ya chini? La. Ulimtoza bei kamili ya kitu ambacho hukumpa. Na wanaosema kwamba mnunuzi hakuuliza, waende kwa mwalimu yeyote wa fiqhi wamwulize mlango wa aibu za bidhaa. Kuibainisha aibu ni wajibu wa muuzaji aijuaye, haingoji swali. Mnunuzi akiigundua ana haki ya kurudisha kitu. Sasa mafuta yaliyokwisha kuungua atayarudisha na nini? Atakurudishia moshi?

Na wako wanaojifariji kwamba wenye magari ni matajiri, hawataumia. Uongo mtupu. Kijana wetu hakuwa na gari, alikuwa na ahadi ya gari. Daladala ina abiria hamsini wenye haja zao. Gari la hospitali linajaza mafuta katika vituo hivi hivi. Na nenda pwani alfajiri utazame wavuvi wanavyobeba madumu ya petroli mabegani kwenda kwenye maboti. Mashine ya boti ile haina taa ya manjano wala kompyuta. Inagonga, inazima, na mtu yuko katikati ya mkondo wa Pemba na kusi inavuma. Nani atamwita muhtasibu huko?

Tangu ushuru ule upande, faida ya kuchanganya mafuta ya taa ilipungua. Lakini mwenye nia akizibiwa mlango hutafuta dirisha. Mafuta ya kupita nchini kwenda kwa majirani, yasiyolipiwa ushuru, yanateremshwa njiani. Maji yanaingia, mengine kwa uzembe na mengine kwa makusudi. Masazo ya kuoshea matangi yanarudishwa sokoni. Na pampu iliyochezewa inakupa lita pungufu, ingawa hilo Sura ya 83 imelimaliza tangu aya yake ya kwanza na sina la kuongeza.

Ningekuwa mnafiki ningeishia kwa mwenye kituo. Ghashi haiishi bila wenyeji, na sisi ndio wenyeji wake. Yuko fundi ambaye taa ikiwaka huifuta namba kwa kifaa chake, akakutoza, akakwambia limepona. Kesho kutwa taa inarudi nawe unarudi na fedha. Yuko mwingine anayekwambia masega yako yameziba, anayang'oa, kisha anayauza kwa siri kwa sababu yana madini ya thamani ndani yake, na wewe unaondoka ukimshukuru. Yuko mwenye gari anayebandika kipande cha utepe mweusi juu ya taa ili isimsumbue macho. Huyo bado anajidhulumu mwenyewe. Lakini akiitoa balbu kabisa siku moja kabla ya mnunuzi kuja kulitazama gari, hapo amekwisha hamia upande wa tajiri wa kituo, na chungu yake ya nafaka ni mbichi vile vile. Na yuko yule anayenunua petroli ya madumu kando ya barabara kwa bei ambayo haiwezi kuwa ya halali, akijua vyema kwamba dereva wa lori hakuzaliwa na kisima. Akiungulika injini anapiga kelele za dhuluma.

Hata mimi, nilipoiona taa ile inapepesa baada ya Muheza, nilisema twende. Sikutaka kuchelewa kwenye pilau.

Nirudi kwa kijana. Hesabu ya fundi ilikuwa plagi nne, kuosha tangi, pampu ya mafuta, oili na chujio lake, na masega yaliyokuwa yameyeyuka yakaziba njia ya moshi. Hakuwa na fedha hiyo. Mwenye gari alisema dereva mwema hujua anapojaza, akalichukua gari lake, na mkataba ukafa ukiwa umebakiza miezi minne. Kijana alikwenda mara tatu kituoni. Mara ya tatu alifukuzwa na mlinzi. Sikuwahi kumsikia akiapiza; alisema tu kwamba angalau yeye anajua gari lilikuwa zima.

Miezi michache baadaye, siku ya Ijumaa, imamu alitutangazia kwamba msikiti umepata mazulia mapya, na akatuomba tumwombee dua aliyeyatoa. Alipotaja jina lake nikainua kichwa. Mikono yote ilikuwa imeinuliwa, na yangu pia ilikwisha kuinuka kabla sijasikia. Yule mtu alikuwa mbele yangu kidogo, ameinamisha shingo kwa unyenyekevu.

Wanazuoni wetu, na Imamu Nawawi ni mmoja wao, wamesema toba ina masharti: kuliacha lile kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia, na likiwa limegusa haki ya binadamu lina sharti la nne, kumrudishia mwenye haki haki yake. Hawakusema mazulia. Mali ya watu ukiijua ya nani humrudishia yeye. Usipomjua tena ndipo huitoa kwa ajili yake, wala hungojei thawabu ya kitu kisicho chako. Sasa huyu bwana anamjua mmoja katika aliowadhulumu, kwa uso na kwa jina, kwani alimjia mara tatu. Aanze na huyo. Akimaliza, tutakaa naye tukamfanyie hesabu ya wenye magari asiowajua, na baada ya hao hesabu ya vichupa vyote vya mafuta ya taa vilivyorudi nyumbani pungufu tangu mwaka 2011. Sijui atatumia daftari gani.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa imamu, nikamweleza. Aliniambia tusitafute aibu za watu. Nikamjibu kwamba sikuitafuta, niliinunua, lita 20. Alinyamaza, akaniambia mazulia yamekwisha kutandikwa.

Karatasi ya fundi ilikuwa bado kwangu. Doa lake lilikuwa limeenea kidogo lakini halikukauka. Niliitia katika bahasha pamoja na nakala ya hesabu ya matengenezo, nikaandika juu jina la tajiri, nikampa mkononi mlangoni mwa msikiti baada ya Alasiri. Aliifungua pale pale, akaitazama karatasi, akaigeuza, akauliza mbona haina maandishi. Nikamwambia ainuse.